Usiseme Unafuga

Minza,

Barua zote nilizowahi kuandikiwa zilianza kwa kuniuliza hali. Mimi sikuulizi, maana nimetoka kukuona sasa hivi ukiondoka na raba zangu bila kuomba, unaenda Kharumwa kumuaga mama yako mkubwa. Hali yako naijua. Mashavu yamejaa, unacheka hovyo, na unatembea unaangalia juu. Utajikwaa siku moja.

Nimesubiri pikipiki iishe machoni ndiyo nikachukua kalamu. Barua hii nitaitia chini kabisa ya begi lako la mkononi, ndani ya kile kitenge cha kijani, na kesho nikikupandisha basi nitakuambia uifungue ukiwa ndani ya ndege ya kwenda Japani, mlango umeshafungwa. Kama umeifungua kabla, kama bado uko stendi ya Shinyanga au uko Dar es Salaam kwa rafiki yako, ikunje. Nakuomba, ikunje, ukaisome huko juu. Mimi si mtu wa kukuomba vitu.

Haya. Kama ndege imeruka, sasa naweza kusema.

Kabula hayuko Songwa kwa bibi yake. Kabula amekufa, mwanangu.

Nilikudanganya. Ulipofika Jumamosi na mfuko wa pipi, hata mzigo hujautua, ukauliza, "Mayu, rafiki yangu wa jirani yuko wapi?" Nikasema kapelekwa Songwa, nikazipokea zile pipi nikasema nitamtumia. Ziko ndani ya debe la unga. Kila nikichota unga wa ugali naziona, nazifunika tena.

Alikufa kwa malaria. Hilo nalisema mapema ili usianze kwenda mbali na mawazo yako. Homa ilimshika, mama yake akampeleka kwa mganga kwanza, mganga akasema katupiwa kitu, wakachemsha mizizi, na walipofika zahanati mtoto shingo haishiki tena. Daktari akasema malaria imepanda kichwani. Hakuna kingine kilichomuua. Rudia kusoma hapo kabla hujaendelea mbele, mimi nakusubiri.

Sasa nikueleze kwa nini nilikuficha, na ujue mwenye makosa ni nani. Ni mdomo wangu huu.

Ilikuwa mwaka jana, wakati wa mavuno. Uwanja wetu ulikuwa umejaa wachimbaji waliotoka maduarani, kwenye mashimo yao ya dhahabu, vumbi la mawe hadi kwenye kope, pombe yangu imetoka vizuri siku hiyo na kila mtu anaisifia. Mmoja akaniuliza, "Mama Minza, hivi yule binti yako huko chuo anasomea nini?" Wewe ulikuwa umeshanieleza. Ulikuwa umeniambia, "Mayu, wakikuuliza sema natafiti vimelea, sema hamira." Lakini hilo neno vimelea mimi nililiona kama nguo ya dukani ambayo haijanikaa. Nikasimama na kata mkononi, nikasema kwa sauti uwanja mzima usikie, "Mwanangu anafuga vijidudu! Vikikomaa atavirusha angani!"

Loh, walivyocheka. Kijana mmoja akasema, "Basi mwambie anirushie kimoja kwa mwenye duara langu, kanidhulumu mawe." Wakacheka zaidi. Na mimi nilicheka kuliko wote, Minza, nilicheka mpaka nikashika nguzo. Nilikuwa naringa. Mjane anayepika pombe ana vitu vichache vya kuringia, na mimi nilikuwa na wewe.

Ulizaliwa huku lakini umekaa sana na vitabu, labda umesahau. Huku kwetu mtu anafuga ng'ombe, anafuga mbuzi, anafuga kuku. Kitu kingine chochote kinachofugwa ndani ya nyumba, kisichoonekana kwa macho, kinalishwa na kufunikwa, kila mtu anajua ni kitu gani. Na kurusha, hapa kwetu, hakuna anayerusha kitu juu. Kinarushwa kwa mtu. Mimi nilikuwa nayajua yote hayo toka nikiwa mtoto wa kuchunga, na bado nikayapanga maneno hayo mawili kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya watu. Furaha inamfanya mtu mjinga, jamani.

Ukaja likizo na kile kisanduku chako. Nakumbuka nilivyokishangaa. Nilidhani satelaiti ni kitu kikubwa kama tangi la maji, kumbe mnatengeneza kitu cha kubebwa kwapani. Ukachukua chachu kwenye chungu changu, ukaikausha, ukaitia kwenye vile vitundu vidogo, ukaniambia, "Inalala, mayu. Itakaa imelala mpaka ifike juu, halafu tutaipa maji yenye sukari iamke." Ukanionyesha maji ya buluu yanavyogeuka pinki chachu ikianza kula, na kile kitaa kidogo kinachoisoma rangi na kutuma habari chini kwa redio. Ukasema mnataka kujua mionzi ya huko juu inaviharibu vipi viumbe, ili watu wakienda mbali wajue cha kufanya. Mimi nilielewa nusu. Lakini nilielewa kwamba uchafu wa chungu changu, ule ninaogombana na wateja juu yake, utapita juu ya vichwa vya wakubwa wote wa dunia, na hilo lilinitosha.

Watoto wakajazana mlangoni. Ukabandika ile darubini yako kwenye simu, ukaweka tone la maji ya lambo, wakapanga foleni. Kabula aliangalia kuliko wote, akagoma kutoka, wenzake wakamvuta gauni. Halafu akakimbia kwao akipiga kelele, "Mama! Nimeviona vya dada Minza! Vinatembea!"

Wewe ulicheka, mimi nikacheka. Ukarudi chuo. Mvua zikaja, na mbu zake, na Kabula akaugua.

Nilikwenda msibani asubuhi ile ile aliyokufa, na kuni kichwani kama jirani anavyokwenda. Nikakaa motoni na wanawake wenzangu. Mmoja akainuka. Akainuka wa pili. Nikabaki na sufuria peke yangu, nakoroga uji ambao hakuna aliyekuja kuuchota. Mama Kabula akatoka ndani. Huyu uzazi wa kwanza tulizaa naye mwaka mmoja, Kabula alikuwa kitinda mimba wake, tumelima wote, wewe umenyonya kwake siku nilizolazwa. Akaniangalia macho. Unayajua macho yangu, moshi wa miaka yote hii umeyafanya mekundu, na huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji kosa lingine. Akaniuliza taratibu kabisa, bila hata kupandisha sauti, "Mama Minza, vile vya mwanao. Vimesharushwa vyote, au vimebaki?"

Nami nikamjibu, "Bado."

Bado! Ndivyo nilivyomjibu mwanamke aliyefiwa na mtoto. Maana ndiyo ilikuwa kweli, roketi ilikuwa haijapangwa, na akili yangu ilikuwa imekwama hapo kwenye kisanduku chako. Niliona uso wake ulivyobadilika na nikajua nimesema nini, lakini maneno hayarudi mdomoni. Nikaanza kueleza. Nikasema hamira, nikasema sukari, nikasema maji ya buluu yanageuka pinki. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujichongea. Mwisho shemeji yake akanishika mkono akanitoa mpaka njiani.

Tangu siku hiyo hakuna anayekunywa kwangu. Wageni wanaopita kwenda machimboni wanakaa, wananong'onezwa, wanainuka. Salamu nasalimia mimi. Watoto wananiamkia shikamoo wakiwa wameshanipita, wanakimbia. Nilipika pombe ya mwisho nikaimwagia nguruwe wa katekista, chungu kikakauka, kimepasuka kwa jua hapo nje. Ulipouliza kwa nini sipiki nilikuambia goti linauma. Goti liko sawa.

Na lile pengo kwenye ua wa minyaa, nyuma ya chumba ulichokuwa unalala. Nilikuambia ni mbuzi. Si mbuzi, Minza. Mbuzi hakati minyaa kwa panga. Niliziba kwa miiba, asubuhi nikakuta miiba imewekwa pembeni vizuri, imepangwa. Nikaziba tena, ikapangwa tena. Ndiyo maana nikakuhamishia kitanda chumba cha mbele nikasema paa linavuja, nawe ukanicheka ukasema, "Mayu, kiangazi hiki paa linavuja nini?" Nikasema maneno ya ovyo, sikumbuki.

Naogopa. Sijawahi kukuambia neno hili tangu uzaliwe, hata baba yako alipofukiwa na kifusi kule Geita sikukuambia. Sasa nakuambia. Naogopa. Nikisikia hatua nje nashika mwiko, eti mwiko, utafikiri nitawasongea ugali.

Usidhani nimekaa tu. Nimekwenda kwa mtendaji, akasema, "Mama, hayo ni maneno tu, leta ushahidi." Nikamwambia ushahidi ndio utakuwa mimi mwenyewe nimelala chini. Akaniambia nisimtishe. Kwa dada yangu Kharumwa nilikwenda pia. Dada alilia, lakini mumewe alisema kwa adabu sana kwamba nyumba yake ina watoto wadogo. Kwa hiyo kama leo alikukumbatia mno, sababu ndiyo hiyo. Nilimwapisha asikuambie. Katekista peke yake ndiye amesema neno la maana. Amenipa ufunguo wa stoo ya kigango, nilale humo kati ya madawati na ngoma za kwaya. Ukishaondoka nahamia huko usiku, mchana narudi shambani. Kuhama moja kwa moja siwezi. Nikihama leo nimekiri, na watakaonipokea watasikia kabla sijafika.

Nilitaka ninyamaze kabisa uende na furaha yako. Lakini habari hii ukiisikia kwa mwingine utapanda ndege ya kwanza kurudi, nakujua, una kichwa kigumu cha ukoo wa baba yako. Bora uisikie kwangu, pamoja na katazo langu.

Usirudi.

Usije kuwaelimisha. Najua ndiyo kitu cha kwanza umewaza, uje na darubini uitishe mkutano. Mwanangu, Kabula aliangalia kwenye hiyo darubini. Unataka nani aangalie tena? Wewe ukija hapa mimi siokoki, tunakuwa wawili.

Kuna jambo nataka ulijue, nimelikalia miaka mingi. Nikiwa na umri kama wako nilipata nafasi ya kwenda Ushirombo kwa masista kujifunza ushonaji. Nilikwenda. Nilikuwa na cherehani yangu karibu na dirisha, nilikuwa nimeshajua kukata kola, sista mmoja alisema mkono wangu ni wa kazi hiyo. Mama akanitumia ujumbe kwamba anaumwa sana, nirudi. Nikarudi mbio, nalia njia nzima. Nikamkuta anapepeta mpunga, mzima wa afya, akaniambia, "Nilikukumbuka tu." Nilikusudia kwenda tena wiki iliyofuata. Halafu kukawa na palizi, halafu posa, halafu wewe. Mama nilimpenda, nilimzika kwa heshima zote. Lakini kila nikiona kola imekatwa vibaya, hasira inanipanda hadi leo, na aliyenikasirisha yuko kaburini, nitamwambia nani?

Wiki hii nimejua alichokisikia mama yangu. Nilikuwa nakuangalia unakunja nguo na nikatamani kuanguka. Nilitamani homa, nilitamani mguu uvunjike, kitu chochote cha kukufanya useme, "Basi, mayu, siendi Japani." Jana mchana nililala chini jikoni kabisa, nikasema nitapiga kelele. Ukaniita kutoka nje uniulize chumvi iko wapi, nikainuka nikakuonyesha chumvi.

Kwa hiyo kesho stendi sitalia. Kama uliniona mkavu, nimekunja sura, nakuhimiza uingie basi haraka kama ninayekufukuza, usichukie. Nikitoa chozi moja tu nitakuwa nimekutumia ule ujumbe wa mama yangu.

Limebaki jambo moja na ndilo linalonitoa roho. Redioni wamekutangaza. Eti binti wa Shinyanga atarusha vijidudu angani mwakani. Wametumia neno lile lile, jamani, na wao wasomi! Kijiji kizima kimesikia. Sasa watu wanasubiri. Sokoni nimesikia mwanamke anasema, "Mtoto mmoja alikufa vikiwa bado. Siku vikirushwa vyote tutabaki wangapi?" Wanasema kabla ya siku hiyo lazima jambo lifanyike. Siku yako kubwa kuliko zote, Minza, hapa inahesabiwa kama siku ya msiba, na mimi ndiye nitakayekuwa hapa.

Naomba siku hiyo isitangazwe huku. Waambie wenzako, waambie walimu wako, watafute namna. Jina la kijiji walitoe. Siku ikifika usinipigie, usinitumie picha. Nikinyamaza usihangaike, nitakuwa stooni na simu nimezima.

Lakini rusha. Nimeandika hivyo, na sifuti. Usije ukakaa huko na kisanduku chako mapajani ukasema, "Nikirusha watamuua mama." Wakitaka kuniua hawahitaji roketi. Na ukiacha kurusha, wao hawatajua umeacha, mimi ndiye nitakayejua. Nitakuwa nimepoteza majirani, chungu, na usingizi, halafu na kazi yako pia. Hapana. Hiyo nimekataa.

Ile chachu uliyobeba, usiidharau. Niliipata kwa mama, naye aliipata kwa mama yake, na hapa nyumbani imekwisha, nimekuambia chungu kimepasuka. Iliyobaki duniani ni hiyo iliyolala kwenye vitundu vyako. Nyingine iache chini, mahali salama, usiipeleke yote juu. Ikiwa siku moja utapata mtama huko Japani, pika kidogo. Kunywa na rafiki zako. Waambie imetoka kwa mayu, na kwamba alikuwa mtu wa kucheka.

Na pipi za Kabula nitazipeleka. Sijui lini, lakini nitazipeleka kaburini kwake, asubuhi kweupe, wote wanione. Mama yake akitaka kunipiga anipige. Yule mtoto zilikuwa zake.

Nasikia pikipiki, labda ni wewe. Si wewe, imepita. Basi niseme la mwisho nifunge.

Huko uendako watakuuliza unafanya kazi gani. Kwa lugha yao sema upendavyo. Lakini ukikutana na mtu wa kwetu, Msukuma mwenzako, popote pale, usiseme unafuga. Sema unalea. Sema una viumbe vidogo unavilea, unavilaza, unaviamsha, unavilisha, unavipeleka mbali kisha unaketi kusikiliza kama ni vizima. Hapo hata mama Kabula angekuelewa. Laiti ningelijua neno hilo siku ile nikiwa na kata mkononi.

Ng'ombe anayefugwa anarudi zizini jioni, na asiporudi anafuatwa kwa fimbo. Wewe sikukufuga, ng'wana wane. Nilikulea.

Usirudi.

Mayu wako